Roketi Inasukuma Nini? Maoni Juu ya Kufundisha Mwendo wa Vyombo vya Angani Katika Shule za Delta ya Rufiji

Yako mambo katika somo la sayansi ambayo mwalimu huyaogopa kuliko wanafunzi wake, na mojawapo ni mwendo wa roketi. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha wilayani Kibiti, akapangiwa shule iliyo ng'ambo ya Nyamisati, haoni taabu kueleza kuota kwa mbegu au usafi wa kisima, kwa kuwa vitu hivyo viko mlangoni pake. Lakini afikapo kwenye picha ya chombo kinachopaa kwa moto, aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huandika ubaoni kanuni ya tatu ya Newton na kuwataka watoto waikariri, ama husema kwamba moto husukuma ardhi, kisha husukuma hewa, na hivyo chombo hupanda. Njia ya kwanza haifundishi kitu. Njia ya pili hufundisha uongo. Nami nakiri mwanzoni kabisa mwa makala hii kwamba nilifundisha uongo huo kwa miaka kadhaa.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya visiwani, ndani kabisa ya mikoko, ambako maji yakijaa uwanja wa mpira huwa bwawa na yakipwa huwa tope. Siku hiyo nilikuwa nimechora roketi nzuri kwa chaki za rangi, na nilijisikia fahari. Baada ya kueleza jinsi moto unavyoisukuma hewa, msichana mmoja wa darasa la sita, binti wa mvuvi wa kamba, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, wiki iliyopita ulitufundisha kwamba juu sana hakuna hewa. Sasa roketi ikifika huko inasukuma nini?" Sikuwa na jibu. Badala ya kukubali, nilimwambia akae chini, kwa sababu swali kama hilo halimo katika mtihani. Alikaa. Hakuniuliza swali jingine mpaka alipomaliza shule, na sidhani kwamba wenzake walikosa kuliona lile lililompata. Nimeyakumbuka macho yake kila nilipokaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwanachuo akifundisha somo hili, na ndiyo sababu ya kushika kalamu leo.

Yafaa mwanachuo ajue kwamba kosa langu lilikuwa la watu wakubwa pia. Mnamo Januari 13, 1920, gazeti la New York Times la Marekani lilimdhihaki profesa Robert Goddard, ambaye alikuwa ameandika kwamba roketi ingeweza kufika mwezini. Mhariri alidai kwamba mahali pasipo hewa chombo hakina kitu cha kukisukuma, na kwamba profesa huyo alikosa hata maarifa yanayotolewa kila siku katika shule za sekondari. Goddard alikuwa amekwisha kujaribu jambo hilo maabarani, ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, na kuona kwamba roketi hufanya kazi vizuri humo. Machi 16, 1926, alirusha roketi ya kwanza duniani yenye kutumia mafuta ya majimaji. Ilikaa hewani kwa sekunde 2 na nusu tu. Gazeti lile lilikiri kosa lake Julai 17, 1969, siku moja baada ya chombo cha Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Goddard alikuwa amefariki dunia tangu mwaka 1945. Ikiwa mhariri wa gazeti kubwa alikaa miaka 49 katika kosa hilo, mwanachuo asione haya kuligundua kichwani mwake. Aone haya tu akilipeleka darasani baada ya kuligundua.

Sasa na tuitazame delta yenyewe, maana hakuna mahali katika Tanzania ninapoona panafaa kuliko hapa kwa somo hili. Mtoto wa Salale, wa Mbwera au wa Kiongoroni amepanda mtumbwi kabla hajajua kusoma. Anajua jinsi chombo kinavyokwenda, na anajua kwa mikono na magoti, si kwa maneno. Kazi ya mwalimu ni kumpangia yale ayajuayo kwa utaratibu unaoongoza mahali.

Na aanze na upondo. Mahali penye maji machache, mtu husimama tezini, akachoma upondo katika tope na kusukuma. Waulizwe wanafunzi: anasukuma nini? Watajibu bila kusita kwamba anasukuma ardhi, nao watakuwa sahihi. Kisha mtumbwi unafika kwenye mkondo wenye kina, kwa mfano kuelekea mlango wa Simba Uranga, na upondo haufiki chini. Basi mtu atafanya nini? Atashika kafi. Na kafi husukuma nini? Maji. Mwenye mashua ya injini naye husukuma maji kwa rafadha, na ndege yenye rafadha husukuma hewa vivyo hivyo. Hapo mwalimu asikimbie. Awaache watoto wakae na fikra hii, kwamba kila chombo walichokitaja kimepata kitu cha nje cha kukisukuma, ardhi au maji au hewa. Kisha awaulize swali la yule binti: tukienda mahali pasipo ardhi, wala maji, wala hewa, tutashika nini?

Darasa litanyamaza. Naomba mwanachuo asiuogope ukimya huo, wala asiujaze kwa maneno yake. Wengine watasema haiwezekani kwenda. Jibu hilo liandikwe ubaoni pamoja na majibu mengine, bila kucheka wala kukosoa, kwani ndilo jibu la mhariri wa New York.

Kisha aulize jambo ambalo kila mtoto wa delta limempata. Mtumbwi umekaribia ukingo lakini haujafungwa, nawe umesimama omoni. Ukiruka kwenda nchi kavu, nini hutokea? Watacheka, kwa kuwa wote wamewahi kuanguka topeni kwa njia hiyo: mtumbwi hurudi nyuma, na mrukaji huangukia pale alipodhani ni ukingo. Je, mtumbwi ulirudi kwa sababu uliusukuma ukingo? La, mguu haukuwa umeugusa ukingo bado. Ulirudi kwa sababu mrukaji aliusukuma yeye mwenyewe kwa miguu yake alipojirusha mbele. Yeye alikwenda huku, mtumbwi ukaenda kule. Hapa ndipo roketi ilipo. Kilichobaki ni kubadili tu kile kinachorushwa.

Badala ya mtu kuruka, na arushe nazi. Mwalimu apate mtumbwi mdogo mahali penye maji tulivu, wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa, asije akausifu mkondo kwa kazi ya nazi. Mtu mmoja mzima akae ndani, akae kweli, asisimame, na atupe nazi kwa nguvu kuelekea tezi, moja baada ya moja. Mtumbwi utasogea mbele polepole, bila kafi wala upondo. Hesabu yake wanafunzi wa darasa la saba wanaiweza. Tuseme mtumbwi pamoja na mtu na mzigo ni kilo 150, na nazi moja ya kilo 2 imetupwa kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde. Zidisha 2 kwa 6, gawanya kwa 150: mtumbwi unapata mwendo wa sentimita 8 hivi kwa sekunde, kabla maji hayajauzuia. Ni mwendo wa kobe, lakini ni mwendo. Baadaye waulize ingekuwaje kama kilo 2 hizo zingetupwa kwa mwendo wa mita 3,000 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa gesi zitokazo katika injini nyingi za roketi. Jibu ni mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, na hakuna basi linaloruhusiwa kwenda hivyo katika barabara ya Kilwa.

Hapo napenda kutoa tahadhari, maana mwalimu mwenye bidii huweza kusahau. Delta ina mamba na viboko. Jaribio la mtumbwi lifanywe mahali ambapo wazee wa kijiji wamekubali, na wao ndio wachague mahali na saa, si mwalimu mgeni. Pasipokuwa na nafasi salama, mtoto mmoja akae juu ya ubao wenye magurudumu, katika sakafu laini, na arushe mfuko wa mchanga. Sayansi ni ile ile.

Wanafunzi watakaoona nazi watauliza kama kuna kiumbe kinachokwenda hivyo. Kipo, tena huliwa mezani kwao. Pweza na ngisi wa miamba ya Mafia, iliyoikabili delta, hujaza maji mwilini, kisha huyabana na kuyatoa kwa nguvu kupitia tundu lenye umbo la mrija, nao huchomoka kuelekea upande mwingine. Kwa pweza lakini mwanachuo awe mwangalifu, kwani mnyama huyo yumo ndani ya maji, na mtoto mwerevu atasema kwamba maji yatokayo yanasukuma maji ya nje. Ndiyo maana nashauri pweza afuate nazi, asiitangulie.

Naona mara nyingi katika maandalio ya wanachuo sentensi kama hii: "Roketi husukumwa na moto kwenda juu." Sentensi hiyo si mbaya, lakini imeficha nusu ya habari. Lugha yetu ina tabia njema ya kudai ukamilifu. Kitenzi "kusukuma" hakitulii mpaka kipate kitu kinachosukumwa. Yule binti hakuuliza swali la fizikia ngumu, alidai tu sentensi yangu ikamilishwe. Na jibu lake lingeenea katika mstari mmoja: roketi husukuma gesi zake yenyewe kwenda nyuma, nazo gesi hizo husukuma roketi kwenda mbele. Hakuna cha tatu kinachohitajika. Namshauri mwanachuo atumie zaidi vitenzi "kutupa," "kurusha" na "kutema" anapofundisha sehemu hii, kwa sababu mtu anaposikia "kutupa" haulizi kitu kimetupwa dhidi ya nini. Neno "kusukuma" alitumie baadaye, wakati picha imekwisha kukaa.

Mwalimu mwenyewe, hata kama hatawaeleza watoto, ajue kinachotokea ndani ya injini. Fikiria sanduku lililofungwa pande zote, na ndani yake gesi ya moto yenye mkandamizo mkubwa. Gesi husukuma kuta zote kwa nguvu sawa, ya mbele na ya nyuma, ya kulia na ya kushoto, na sanduku halisogei. Sasa toa ukuta wa nyuma. Ukuta wa mbele bado unasukumwa, lakini nyuma hakuna tena ukuta wa kusukumwa upande wa pili. Sanduku litakwenda mbele. Injini ya roketi, kwa asili yake, ni sanduku hilo, na mdomo wake wa nyuma umefinywa kisha ukapanuliwa kama tarumbeta ili gesi zitoke kwa mwendo mkubwa iwezekanavyo. Ukilielewa sanduku hili, utaelewa pia kwa nini hewa ya nje ni kikwazo: inazuia gesi zisitoke kwa urahisi, tena inakipinga chombo kwa mbele. Roketi hufanya kazi vizuri zaidi pale palipo patupu.

Jambo la pili ambalo delta hutoa bure ni koroboi. Hata siku hizi za taa za jua, koroboi hazijatoweka vijijini, na mwalimu atapata moja. Aiwashe, aifunike kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na watoto wahesabu mpaka izimike. Moto umekufa ingawa mafuta yamo. Umekosa hewa, na hasa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Basi waulizwe: roketi iendayo pasipo hewa itawakaje? Hapana budi ibebe hewa yake. Hivi ndivyo ilivyo hasa. Roketi nyingi kubwa huunguza mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, ndugu wa yale yaliyomo katika koroboi, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri ikawa majimaji. Kwa kila kilo 1 ya mafuta hubebwa kilo 2 na zaidi za oksijeni. Ndege ya abiria huvuta hewa njiani kama vile mvuvi achotavyo maji anapopita. Roketi ni msafiri wa jangwani, hubeba kila kitu. Roketi ya Saturn V, iliyopeleka watu mwezini kati ya mwaka 1968 na 1972, ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900 ilipokuwa ikiondoka, na sehemu yake ya chini peke yake iliteketeza kama tani 2,000 za mafuta ya taa na oksijeni kwa muda wa dakika 2 na nusu hivi. Kilichorudi baharini na wasafiri watatu kilikuwa chombo cha tani 5 au 6.

Kwa nini itumike mizigo mikubwa hivyo kwa ajili ya chombo kidogo? Turudi mtumbwini. Nazi za kwanza hazimsukumi mtu na mtumbwi tu, husukuma pia nazi zote zilizobaki. Ukitaka kwenda kasi zaidi utapakia nazi nyingi zaidi, nazo zitaongeza uzito unaotakiwa kusukumwa. Hesabu ya jambo hili iliandikwa na kutangazwa mwaka 1903 na mwalimu wa shule. Naomba msomaji asipite haraka hapa. Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa Urusi mwaka 1857, akapoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni kwa ugonjwa, akajisomea mwenyewe, na tangu mwaka 1880 alifundisha hesabu katika mji mdogo wa Borovsk, kisha Kaluga, mbali na vyuo vikuu. Mishahara ilikuwa midogo, vifaa alijitengenezea. Ukurasa wa kwanza wa elimu ya kusafiri angani uliandikwa na mtu ambaye asubuhi alikuwa akisahihisha madaftari. Sisemi kwamba kila mwanachuo atakuwa Tsiolkovsky. Nasema kwamba hakuna sababu ya mwalimu wa shule ya msingi kuliona somo hili kuwa mali ya watu wengine.

Nafahamu kuwa baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami. Wanasema kwamba elimu ya mazingira ina maana ya kumfundisha mtoto wa Rufiji mambo ya mpunga, mikoko, kamba na mafuriko, na kwamba roketi ni anasa ya mataifa tajiri. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimeona hasara ya masomo yaliyoletwa kama shehena ngeni, lakini naamini imeyaelewa mazingira kwa ufinyu. Mazingira ndipo mahali pa kuanzia. Hayakuwa kamwe ukuta wa kumzuia mtoto asione ng'ambo. Tena delta hii haikupata kuwa pembe iliyosahauliwa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Ujerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huu, Waingereza wakaitafuta kwa ndege, jambo ambalo siku hizo lilikuwa geni popote duniani, na Julai 11, 1915, ikazama humo. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikaendelea kutumika nchi kavu. Mwalimu wa historia husimulia vita. Mwalimu wa sayansi aweza kuuliza kwa nini mzinga hurudi nyuma unapofyatua risasi, na atakuwa amerudia somo la nazi bila kuondoka Rufiji.

Na roketi zenyewe hazikuwa mbali. Zaidi ya kilomita 500 kaskazini mwa Kibiti, katika pwani hii hii ya Waswahili, Waitaliano wakiongozwa na profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakaliita San Marco. Kutoka hapo, kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi za Kimarekani zinazoitwa Scout zilirusha setilaiti 9. Moja ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na orodha yake ya vyanzo vya miali hiyo ilifikia 339. Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na roketi iliyoibeba karibu tani 20. Hesabu ya nazi ni ile ile.

Kwa nini walikuja pwani yetu? Kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, na mahali palipo karibu na ikweta huzunguka kwa mwendo wa zaidi ya mita 460 kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na akiba hiyo ya mwendo, na mbele yake ipo bahari tupu ambamo sehemu zilizokwisha mafuta huweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Scout ilikuwa na sehemu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila moja ilipomaliza mafuta yake iliachwa, kama baharia atupavyo kapu lililokwisha nazi. Mtoto wa Nyamisati aambiwe kwamba akiwa ameketi kwenye dawati lake anabebwa na dunia kwa mwendo huo huo wa mita 460 kwa sekunde. Hataamini, na ubishi wake utakuwa na faida.

Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023, safari hii kutoka California, kwa roketi ya Falcon 9 inayotumia mafuta ya taa na oksijeni. Ziko pia injini za aina nyingine kabisa, zinazotupa chembe za gesi kwa nguvu ya umeme, kwa mwendo unaoweza kufikia kilomita 30 kwa sekunde. Msukumo wake hauzidi uzito wa karatasi chache kiganjani, lakini huendelea kwa miezi na miaka. Haya mwalimu ayaweke akiba kwa mwanafunzi atakayeuliza. Asiyamwage yote katika kipindi kimoja.

Kuhusu zana, sina budi kuisifu chupa ya plastiki. Imetupwa kila mahali, kandokando ya barabara ya Kibiti na katika mizizi ya mikoko pia, na mwanachuo hana udhuru wa kuikosa. Achonge kizibo kutoka kandambili iliyochakaa, akitoboe, apitishe kijimdomo cha mpira wa ndani wa baiskeli. Chupa itiwe maji robo yake, izibwe, igeuzwe mdomo chini juu ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, na mtu apige pampu ya baiskeli kwa kutumia mpira mrefu ili asimame mbali. Kizibo kitakapofyatuka, chupa itapaa juu kuliko paa la shule, nayo itamlowesha mwalimu. Kisha, na hili wengi huliacha, irudiwe bila maji, kwa hewa peke yake. Chupa itaruka, lakini chini sana. Kama kazi ingefanywa na hewa ya nje au na ardhi, chupa zote mbili zingeruka sawa, maana hewa ya nje ni ile ile na ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni kile kilichotupwa. Chupa ya kioo isitumike kabisa, wala ya bati, na jaribio lolote la baruti au vichwa vya viberiti lipigwe marufuku. Mtoto asiinamie chupa iliyojaa upepo, hata kama inaelekea kukataa.

Msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la sita, katika shule isiyo mbali na mji wa Kibiti, nikimsikiliza mwanachuo wa mwaka wa pili akifundisha somo hili kwa mtumbwi wa kuchora, nazi mbili za kweli na ubao wa magurudumu alioazima kwa seremala. Hakuwa msemaji hodari na muda ulimpita. Lakini alipouliza tutashika nini pasipo na hewa, alinyamaza mpaka nikaanza kumwonea huruma, kisha mvulana mmoja akasema polepole, "Tutatupa vitu tulivyobeba." Kengele ikalia. Watoto walipokuwa wakisimama, msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, na nazi zikiisha, chombo kitasimama hapo hapo?"

Mwanachuo alinitazama. Nilitazama daftari langu. Majini kitasimama, kwa sababu maji hukizuia. Mahali patupu hakitasimama, kitaendelea na mwendo ule ule, na nilikuwa na hakika kwamba alilijua jibu hilo, kwani tulilizungumza chuoni. Hakulitoa. Alichukua chaki, akaliandika swali katika pembe ya ubao kama lilivyoulizwa, akaweka chini yake jina la msichana, na akamwomba kiranja asilifute mpaka kesho.